Kwotabeki Ghali, Kwotabeki Rahisi: Rekodi za Biashara Kubwa za NFL

Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ikimalizika mwezi Februari, viwanja hufungwa lakini ubishi ndio kwanza unaanza. Nani abaki, nani aachwe, nani auzwe, na juu ya yote, nani akabidhiwe kazi ya kwotabeki. Huyo ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulio linapoanza. Ndiye anayeamua aurushe wapi au ampe nani akimbie nao, na ana sekunde mbili tatu tu za kuamua kabla majitu ya kilo mia na ushee hayajamwangukia. Timu yenye kwotabeki hodari inaweza kuficha mapungufu yake mengine. Isiyo naye haifichi kitu. Ndiyo maana wamiliki wa timu, watu waliotajirika kwa kuhesabu kila senti, hulipa kwa ajili yake bei ambayo wasingeilipa kwa mchezaji mwingine yeyote.

Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la Simba na Yanga ashike jambo moja kwanza: huku hakuna ada ya uhamisho. Timu 32 hulipana kwa wachezaji na kwa nafasi za kuchagua chipukizi wanaotoka vyuo vikuu. Uchaguzi huo hufanyika Aprili kwa raundi saba, na timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayotangulia kuchagua. Kwa hiyo nafasi ya raundi ya kwanza ndiyo sarafu nzito kuliko zote, na anayeitoa anatoa mchezaji ambaye bado hamjui. Juu ya hapo kuna ukomo wa mishahara ambao hakuna timu inayoruhusiwa kuuvuka, hata mwenye timu awe tajiri kiasi gani. Ukikosea kwotabeki, umekosea bajeti nzima.

Hasara kubwa kuliko zote

Hapa sina mashaka. Machi 2022 Cleveland Browns waliipa Houston Texans nafasi tatu za raundi ya kwanza, za 2022, 2023 na 2024, pamoja na nyingine za raundi za chini, wakamchukua Deshaun Watson. Kisha wakamwandikia mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 230, zote za uhakika, acheze asicheze. Ilikuwa rekodi ya fedha za uhakika katika ligi, na kiasi hicho kilizidi ukomo wa mishahara ya kikosi kizima kwa msimu wa 2022, ambao ulikuwa dola milioni 208.2.

Watson hakuwa amecheza mechi hata moja mwaka 2021. Wanawake zaidi ya 20 walikuwa wamemshtaki katika mahakama za madai kwa mwenendo mbaya wa kingono wakati wa huduma za masaji. Mabaraza mawili ya mahakama huko Texas hayakumfungulia kesi ya jinai, lakini ligi ilimfungia mechi 11 na kumtoza faini ya dola milioni 5. Browns waliyajua madai hayo na bado wakashindana na timu nyingine kumpata. Kwangu mimi hilo ni doa ambalo hata ubingwa usingelifuta, na ubingwa wenyewe haukuja. Katika misimu mitatu ya kwanza Watson alicheza mechi 19 tu, mara bega, mara kano ya kisigino. Mwaka 2025 mmiliki mwenyewe, Jimmy Haslam, alikiri hadharani kwamba walikosea.

Upande wa pili wa hesabu ndio unaouma zaidi. Houston waliitumia mojawapo ya nafasi za Cleveland kupanda hadi namba tatu mwaka 2023 na kumchukua mlinzi Will Anderson, aliyeibuka chipukizi bora wa ulinzi wa mwaka huo. Januari 2024 timu hizo mbili zikakutana katika mtoano. Watson alikuwa majeruhi. Houston walishinda 45 kwa 14.

Mkataba uliosainiwa mapema mno

Mwezi huohuo wa Machi 2022, Denver Broncos waliipa Seattle Seahawks nafasi mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili, moja ya raundi ya tano na wachezaji watatu, ili wampate Russell Wilson. Kabla hajawachezea hata mechi moja ya ligi, wakamwongezea mkataba wa miaka mitano wa zaidi ya dola milioni 240.

Mechi yake ya kwanza ikawa Seattle kwenyewe, Septemba 12, 2022. Denver wako nyuma 17 kwa 16, muda unayoyoma, wamebakiza jaribio moja na wanahitaji yadi tano tu ili waendelee kushambulia. Kocha Nathaniel Hackett akamtoa Wilson, mtu aliyenunuliwa kwa ajili ya dakika kama hiyo, akamwingiza mpigaji Brandon McManus aupige mpira golini kwa mguu kutoka yadi 64. Mpira ukaenda pembeni. Hackett alifukuzwa kabla ya msimu kwisha. Wilson alianza mechi 30, akashinda 11, na Machi 2024 akaachwa. Denver ikabaki na mzigo wa dola milioni 85 katika hesabu za ukomo wa mishahara, uliogawanywa kwa misimu miwili, kwa mtu ambaye hayupo tena kikosini. Hadi wakati huo hakuna timu iliyowahi kubeba mzigo mkubwa kiasi hicho kwa mchezaji mmoja. Seattle, kwa nafasi ilizopokea, iliwapata miongoni mwa wengine Charles Cross na Devon Witherspoon.

Kocha aliyenunua kwa pesa ya mrithi wake

Mashabiki wa Green Bay wenye umri mkubwa wakisikia jina la John Hadl husononeka hadi leo. Oktoba 1974, kocha Dan Devine, ambaye pia ndiye aliyekuwa meneja mkuu, aliona kiti chake kinatikisika. Akawapa Los Angeles Rams nafasi tano: mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili na moja ya tatu. Alichopata ni kwotabeki wa miaka 34. Hadl alikuwa ametamba msimu wa 1973, lakini kwa Packers alirusha tachidauni (pasi za kufunga) 9, na pasi zake 29 zikanaswa na wapinzani.

Devine mwenyewe hakusubiri kuona matokeo. Msimu ulipokwisha alikwenda kufundisha Notre Dame, akawaachia waliomfuata kapu tupu. Mwaka 1976 Packers walimpeleka Hadl Houston ili wampate Lynn Dickey, na hata hapo ilibidi wamsindikize na mchezaji mwingine na nafasi zaidi za uchaguzi. Timu haikurudi kwenye mtoano hadi 1982. Katika historia yote ya biashara hizi sijui nyingine inayoonyesha waziwazi hivi hatari ya kumwachia uamuzi wa miaka mitano mtu anayehofia kazi yake ya wiki ijayo.

Walioikataa timu iliyowachagua

Mwaka 1983 Baltimore Colts walimchagua John Elway namba moja ingawa alishasema hataki kuwachezea. Silaha yake ilikuwa besiboli: New York Yankees walikuwa wameshamsajili na mwaka 1982 alicheza katika timu yao ndogo ya Oneonta. Meneja mkuu wa Colts, Ernie Accorsi, alikuwa tayari kumsubiri. Mwenye timu, Robert Irsay, hakuwa tayari. Mei 2 alimalizana na Denver bila kumhusisha Accorsi, akamwachia Elway kwa Chris Hinton, kwotabeki wa akiba Mark Herrmann na nafasi ya raundi ya kwanza ya 1984.

Hinton alikuwa mchezaji mzuri wa mstari wa mbele, aliyeteuliwa mara saba kwenye mechi ya nyota. Hilo lisemwe, maana wengi hulisahau. Lakini Elway aliipeleka Denver kwenye Super Bowl tano na kushinda mbili. Colts waliondoka Baltimore usiku mmoja wa Machi 1984, vifaa vyao vikiwa kwenye malori ya kuhamisha mizigo, wakaenda Indianapolis. Accorsi naye alikuwa ameshajiuzulu.

Yaliyofuata ndiyo yanayonifanya niipende habari hii. Miaka 21 baadaye kijana mwingine, Eli Manning, aliikataa timu yenye nafasi ya kwanza, safari hii San Diego Chargers. Meneja mkuu wa New York Giants mwaka huo wa 2004 alikuwa Ernie Accorsi yuleyule. Alimchagua Philip Rivers namba nne, akampeleka San Diego pamoja na nafasi ya raundi ya kwanza ya 2005 na mbili za chini, akamchukua Manning. Giants walishinda Super Bowl mbili wakiwa naye, zote dhidi ya New England Patriots. San Diego hawakuibiwa, kwani Rivers alikuwa kwotabeki wao kwa zaidi ya muongo mmoja na mojawapo ya nafasi zile ikawaletea mlinzi hatari Shawne Merriman. Kombe tu ndilo walilolikosa.

Mafupi ya haraka

Biashara iliyovunjika mapema kuliko zote ni ya Aaron Rodgers. New York Jets walimtoa Green Bay Aprili 2023, na Septemba 11, katika shambulio lake la nne tu, kano ya kisigino ikakatika. Msimu wake ukaishia hapo.

San Francisco 49ers walitoa nafasi mbili za raundi ya kwanza na moja ya tatu ili wapande kutoka namba 12 hadi namba 3 mwaka 2021 wamchukue Trey Lance. Aliwaanzia mechi nne, kisha wakamwachia Dallas kwa nafasi moja ya raundi ya nne. Aliyewafikisha Super Bowl ni Brock Purdy, mtu wa 262 na wa mwisho kabisa katika uchaguzi wa 2022.

Na kwa kuhamahama, hakuna anayemfikia Josh Johnson: timu 14 tofauti.

Bei rahisi kuliko zote

Mwaka 1991 Brett Favre alikuwa chipukizi wa Atlanta Falcons ambaye kocha wake hakumtaka. Alirusha pasi nne msimu mzima. Hakuna mwenzake aliyedaka hata moja. Mbili walizinasa wapinzani. Februari 1992 Ron Wolf, meneja mkuu mpya wa Green Bay, alitoa nafasi ya raundi ya kwanza kwa kijana huyo huyo, na wengi wakamwona amepotoka.

Wolf alikuwa amemfuatilia Favre tangu chuoni. Mwaka mmoja kabla, akiwa na Jets, alitaka kumchagua, lakini Falcons wakamtangulia kwa nafasi moja tu. Kwa hiyo alichokilipia hakikuwa zile pasi nne za Atlanta, bali alichokiona kwa macho yake kabla ya hapo. Septemba 20, 1992, Favre aliingia badala ya Don Majkowski aliyeumia, na sekunde 13 kabla ya filimbi akampata Kitrick Taylor kwa tachidauni iliyowapa ushindi wa 24 kwa 23 dhidi ya Cincinnati. Wiki iliyofuata akaanza mechi, na hakukosa kuanza mechi ya ligi hadi Desemba 2010. Ni mechi 297 mfululizo, rekodi ya ligi. Akachukua tuzo ya mchezaji bora mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997, na Super Bowl moja. Atlanta walimchukua mkimbiaji Tony Smith, aliyewahi kucheza na Favre chuoni Southern Mississippi. Alidumu misimu mitatu.

Iliyosubiriwa kuliko zote

Detroit Lions walikuwa mabingwa mwaka 1957. Oktoba 1958 wakamuuza kwotabeki wao mashuhuri, Bobby Layne, kwa Pittsburgh Steelers. Inasimuliwa kwamba alipoondoka aliwaapiza wasishinde kwa miaka 50. Kama alisema au hakusema, mwaka 2008, wa hamsini kamili, Detroit walipoteza mechi zote 16, na hakuna timu iliyokuwa imewahi kufanya hivyo. Kwa nafasi ya kwanza waliyoipata kutokana na aibu hiyo walimchagua Matthew Stafford, kijana aliyesoma sekondari ileile ya Highland Park, Dallas, aliyosoma Layne.

Stafford alicheza Detroit miaka 12 bila kushinda mechi ya mtoano. Januari 2021 wakakubaliana aende Los Angeles Rams, na Detroit wakapokea Jared Goff, nafasi mbili za raundi ya kwanza na moja ya tatu. Goff alikuwa mtu ambaye Rams hawakumwamini tena, na wachambuzi wengi walimhesabu kama mzigo ambao Detroit walilipwa nafasi zile ili waubebe. Msimu wa kwanza tu, Februari 2022, Stafford akatwaa Super Bowl katika uwanja wa nyumbani kwa 23 kwa 20 dhidi ya Cincinnati. Ubishi ukaonekana umekwisha.

Ukafufuka Januari 14, 2024. Ratiba ya mtoano iliwaleta Rams hadi Detroit, Stafford upande mmoja, Goff upande wa pili. Watu wa Detroit walimzomea Stafford, mtu waliyempenda miaka 12, na wakaimba jina la Goff. Stafford alirusha yadi 367 na bado Detroit wakashinda 24 kwa 23, ushindi wao wa kwanza wa mtoano baada ya miaka 32. Kwa nafasi walizopewa na Rams walikuwa wameshampata mkimbiaji Jahmyr Gibbs, na zilichangia pia kumpata Jameson Williams. Wiki iliyofuata wakaifunga Tampa Bay, kisha wakasimamishwa na San Francisco mlangoni mwa Super Bowl.

Favre ndiye aliyepatikana kwa bei nafuu zaidi na Watson ndiye aliyegharimu zaidi. Lakini kama natakiwa kutaja biashara moja iliyo bora kuliko zote, naitaja hii ya Stafford na Goff, kwa sababu katika nyingine zote nilizozitaja daima kuna upande uliobaki ukidai. Hapa hakuna anayemdai mwenzake.