Jinsi ubongo wa panya unavyopigwa picha bila kukatwa

KABLA ya binadamu yeyote kuingizwa kichwa katika mashine ya CT skeni, ubongo wa ng'ombe ulikuwa umetangulia. Mvumbuzi wa mashine hiyo, Mwingereza Godfrey Hounsfield, aliijaribu kwa bongo za ng'ombe kutoka kwa wachinjaji. Kisha mnamo Oktoba 1, 1971, mgonjwa wa kwanza akapigwa picha jijini London, na uvimbe uliokuwa kichwani mwake ukaonekana bila fuvu kupasuliwa.

Utafiti wa bongo za wanyama haukukoma hapo. Uliendelea hadi kwenye vitu vidogo mno, na huko ndiko ningependa kukupeleka, msomaji, kwa sababu wengi hudhani kwamba picha wanazosikia zikisifiwa katika habari za utafiti ndizo wanazolipia hospitalini. Sizo.

Eksirei ya kawaida, ile iliyogunduliwa na Röntgen mwaka wa 1895, hutoa kivuli tu. Mbavu, moyo na mapafu hulaliana kwenye filamu moja. Chukua mfano wa papai. Ukilipiga eksirei kutoka upande mmoja, huwezi kujua mbegu ipi iko mbele na ipi iko nyuma. Lakini ukilizungusha kidogo kidogo huku ukilipiga picha kila hatua, mbegu za mbele na za nyuma hazitasogea kwa namna moja. Kompyuta ikizipokea picha zote hukokotoa mahali pa kila mbegu. Baadaye waweza kulitazama papai hilo kipande baada ya kipande, kama mkate uliokatwa, ilhali kisu hakijaligusa.

Hospitalini mashine ndiyo inayokuzunguka wewe. Katika maabara za utafiti, mara nyingi ubongo wa panya, ambao hata gramu moja haufiki, ndio unaozungushwa mbele ya miale na kupigwa picha elfu moja au zaidi.

Tatizo ni kwamba ubongo ni laini. Mfupa huizuia miale na kuonekana mweupe, lakini ubongo kwa sehemu kubwa ni maji na mafuta, na miale huupenya kwa urahisi. Kwa hivyo watafiti huutia metali nzito, hasa osmiamu, ambayo hushikamana na mafuta yaliyo kwenye kuta za seli. Ipo pia njia nyingine. Je, umewahi kutazama chini ya karai la maji safi juani? Maji hayo hayauzuii mwanga, lakini yakitikisika huupinda, na mistari inayong'aa hucheza chini ya karai. Seli nazo huipinda miale ya eksirei, japo kidogo sana, na kamera ikisogezwa nyuma huinasa michoro hiyo.

Kazi ya namna hii huhitaji miale mikali kuliko ya hospitali yoyote. Mjini Grenoble, Ufaransa, kuna mtambo wa duara wenye mzingo wa mita 844, ambamo elektroni hukimbizwa kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga hadi zikatoa miale hiyo. Mwaka wa 2020 watafiti walioutumia walichapisha picha za neva za nzi na za vipande vya ubongo wa panya, zikionyesha vitu vidogo kuliko sehemu ya elfu kumi ya milimita. CT skeni ya hospitali huishia karibu nusu milimita, nafasi ambayo seli ishirini hivi za ubongo hutoshea zikipangwa mstari.

Mbona basi usipigwe wewe picha hiyo? Kwanza, panya huyo amekufa. Ubongo wake umetolewa, ukahifadhiwa kwa dawa, ukatiwa osmiamu, ambayo ni sumu hata mvuke wake huumiza macho, kisha ukagandishwa ndani ya plastiki. Pili, kadiri kitu unachotafuta kinavyokuwa kidogo ndivyo miale inavyobidi kuongezwa, tena maradufu mara nyingi. Mwili ulio hai hauwezi kuistahimili.

Ugonjwa wa Alzheimer ni miongoni mwa yale yanayochunguzwa hivi. Panya waliobadilishwa jeni hutumiwa, na mafundo ya protini yakatafutwa katika ubongo mzima, badala ya kuukata vipande vyembamba ambavyo hupasuka na kukunjamana. Mimi huyasoma matokeo hayo kwa tahadhari. Panya wa kawaida haugui Alzheimer, na dawa kadhaa zilizoondoa mafundo hayo kwa panya hazikuwafaa binadamu.

Kifafa nacho chaweza kutokana na hitilafu katika mtandao wa seli, ndogo mno kuonekana katika CT skeni. Wagonjwa wengi wa kifafa skeni zao hutoka safi, na wapo wanaoacha kumeza tembe wakiamini wamepona. Usiache dawa kwa sababu hiyo. Katika kutambua kifafa, daktari hutegemea zaidi maelezo ya mtu aliyekushuhudia ukianguka, na pengine kipimo cha umeme wa ubongo. Unapokuja kliniki, mlete mtu huyo.