Bando Moja, Kompyuta Kadhaa: Jinsi ya Kugawana Intaneti Nyumbani

Mtoto anajaza maombi ya chuo kwenye tovuti ya KUCCPS. Mzazi naye anataka kuwasilisha ritani ya KRA kabla ya Juni 30. Katika nyumba nyingi za Migori na Homa Bay, kazi zote mbili hutegemea bando la simu moja. Anayekosa zamu hupanda boda hadi saiba mjini Rongo au Oyugis.

Safari hiyo inaweza kuepukwa. Kompyuta yenye Linux, mfumo endeshi wa bure ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, inaweza kupokea intaneti kutoka kwa simu na kuigawia kompyuta nyingine bila kununua ruta. Linux pia hufanya kazi kwenye mashine nyingi kuukuu, zikiwemo zilizokuwa na Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha huduma zake za kawaida Oktoba 14, 2025.

Inavyofanya kazi

Utaratibu huu unafanana na sanduku la posta la shule. Barua zote hufika kwa nambari moja, kisha karani humpa kila mtu yake. Hapa karani ni kompyuta ya Linux. Huipa kila mashine anwani ya ndani, hutuma maombi yao kwa anwani moja ya nje, na kurudisha majibu kwa aliyeomba.

Hatua za kufuata kwenye Ubuntu

1. Unganisha simu na kompyuta ya Linux kwa waya wa USB, kisha uwashe ugavi wa intaneti kwenye simu.
2. Unganisha kompyuta ya pili kwa kebo ya mtandao. Zikiwa zaidi ya mbili, tumia swichi.
3. Kwenye mipangilio ya mtandao wa kebo, fungua sehemu ya IPv4, uchague kushiriki na kompyuta nyingine.
4. Acha kompyuta ya pili ipokee anwani yenyewe. Kwa kawaida itaanza na 10.42.

Asiye na kebo anaweza kuwasha hotspoti ya Wi-Fi kwenye kompyuta hiyo, mradi intaneti yenyewe iingie kwa waya wa USB.

Tahadhari

Kompyuta inayogawa ikizimika, wote hukosa mtandao. Laptopu yenye betri nzima hufaa zaidi umeme unapopotea. Zima masasisho ya kiotomatiki kwa muda, kwani yanaweza kumaliza bando fomu ikiwa nusu, lakini yarejeshe baadaye kwa ajili ya usalama.

Hotspoti iwe na nenosiri la herufi zisizopungua 8, wala lisiwe nambari ya simu. Na kumbuka: kugawana na jamaa nyumbani si sawa na kuwauzia majirani intaneti. Biashara hiyo huhitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Jaribu mpangilio huu mapema, siku kadhaa kabla ya makataa.