Mji upi utakufaa? Hesabu kwa komwe kabla ya kufunga virago

USIKU ule tulikuwa watu watano kwenye baraza ya nyumba yetu, mtaa wa Shela mjini Malindi, na karibu kila mmoja alikuwa na mji wake. Kaka yangu mkubwa, ambaye hufanya kazi Nairobi, aliweka Nairobi mbele, Mombasa ya pili na Malindi akaiacha mkiani. Shemeji yetu wa Kisauni aliipigia debe Mombasa. Dada yangu, mwenye mtoto wa miaka sita anayeugua selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli, alitaka Kilifi. Mama, mwenye kisukari na shinikizo la damu, na ambaye alikuwa amefiwa na baba mwaka uliotangulia, hakutaja mji wowote. Alisema tu, "Mimi niko kwangu."

Bila shaka msomaji umewahi kuyasikia mabishano kama hayo nyumbani kwako. Wakazi wa mijini tunaipanga miji kama timu za ligi. Mmoja hutazama kazi, mwingine shule, mwingine kodi ya nyumba, na wapo wanaotazama bahari tu. Afya huulizwa mwisho, mara nyingi mgonjwa akiwa tayari ndani ya gari na dereva anauliza aelekee wapi.

Sisi tulikuwa na sababu ya kuuliza mapema. Kaka alitaka kumchukua mama akakae naye Nairobi, na dada alitaka kumhamisha mwanawe kutoka huko huko Nairobi. Mmoja anampeleka mgonjwa bara, mwingine anamteremsha pwani, na wote wawili wanasema ni kwa ajili ya afya. Inawezekanaje wote wawe na haki?

HEWA ILIYOSIFIWA BURE

Kupima miji ya pwani hii kwa afya si jambo geni. Aprili 1498, meli za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa zikiwa na mabaharia wagonjwa wa kiseyeye. Shajara ya safari hiyo inasimulia kwamba wagonjwa walipona pale, na mwandishi wake akaisifu hewa ya Mombasa. Januari 1499 meli hizo zilifika Malindi zikirudi kutoka India. Mabaharia waliomba machungwa, wakapewa, lakini wengi walikufa hata hivyo. Mara hii mwandishi aliitupia lawama hali ya hewa ya Malindi.

Leo tunajua kwamba kiseyeye ni upungufu wa vitamini C. Mombasa mfalme alikuwa amewapelekea machungwa na malimau kwa wingi. Malindi walifika baada ya karibu miezi mitatu baharini, miili imekwisha, wakakaa siku chache tu na kung'oa nanga. Kazi ilifanywa na machungwa, sifa ikachukuliwa na hewa. Hata neno malaria lenyewe lilitoka kwa Waitaliano waliodhani ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya, mpaka mwaka 1897 Ronald Ross alipoonyesha kwamba mwenye hatia ni mbu. Nilipowasikia ndugu zangu wakibishana juu ya "hewa ya Nairobi" na "hewa ya bahari", nilimkumbuka yule mwandishi wa shajara.

Basi niliingia ndani nikatoa bao la marehemu baba. Kila mtu nilimpa komwe kumi. Juu ya mkeka nikapanga vipande sita vya karatasi: hospitali kubwa, kliniki ya kila mwezi, safari ya usiku, maji na mbu, hewa na joto, na watu wa kukuangalia. Nikawaambia wasitaje mji kwanza. Kila mtu agawe komwe zake kwa yale anayoyahitaji, na miji tutaitazama baadaye.

Kaka aliweka saba kwenye hospitali kubwa bila kufikiri mara mbili. Dada aliweka sita kwenye kliniki na nne kwenye maji na mbu. Mama alizikunja zake kiganjani akasema atacheza mwisho.

MTOTO WA SELIMUNDU

Dada ndiye aliyekuwa ameifanya hesabu yake vizuri zaidi. Mwaka ule mwanawe alikuwa amelazwa mara tatu, mbili kati ya hizo Juni na Julai, wakati baridi ya Nairobi hupenya mpaka kwenye mifupa. Baridi ni mojawapo ya vichocheo vya maumivu ya selimundu, pamoja na homa, uchovu na upungufu wa maji mwilini. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Watoto wengi wenye selimundu huishi huko na kusoma bila shida kubwa, lakini wa dada yangu alikuwa akiumia.

Kilifi ina jambo jingine. Katika Hospitali ya Kaunti ya Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust tangu mwaka 1989, na selimundu ni mojawapo ya magonjwa yaliyochunguzwa hapo kwa miaka mingi. Kuna kliniki ya watoto hao. Ugonjwa wenyewe ni wa kawaida pwani, kwa hivyo mama anayefika na mtoto anayelia miguu hahitaji kuanza kueleza sikoseli ni nini. Dada aliniambia kwamba hilo pekee lilistahili komwe tatu.

Lakini Kilifi ina mbu, na hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Wamesikia kwamba selimundu hukinga malaria, wakalegea. Ukweli ni kwamba anayekingwa ni yule aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu. Utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba mtu huyo hupata kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Mtoto aliyerithi kutoka kwa wazazi wote wawili, yaani mgonjwa mwenyewe, ni habari nyingine kabisa. Damu yake ni pungufu tayari, na malaria inaweza kummaliza kwa siku chache.

Kwa hivyo mtoto wa aina hii akihamia pwani hulala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, si msimu wa mvua tu. Hupewa dawa ya kuzuia malaria kama daktari atakavyoagiza, pamoja na foliki asidi, na wengine haidroksiurea. Hunywa maji mengi kwa sababu ya joto. Chanjo zake zikamilike, hasa ya nimonia iliyoingizwa katika chanjo za kawaida za watoto nchini mwaka 2011. Na homa yoyote ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Asingojee asubuhi.

Chandarua si jambo la kudharau. Majaribio yaliyofanywa Kilifi miaka ya 1990, yakachapishwa mwaka 1996, yalionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa thuluthi moja pale vyandarua vyenye dawa vilipotumika. Malaria ya Kilifi imeshuka sana tangu siku hizo, ingawa haijaisha.

MAPIPA YA MAJI

Shemeji alicheka aliposikia habari za mbu, akasema Mombasa ni mji, si shamba. Nilimkumbusha homa ya dengi ya mwaka 2013, na chikungunya iliyoanza mwishoni mwa 2017 na kuwaacha watu wazima wakitembea kama wazee. Malindi na Kilifi nazo zilipata dengi mapema, mwaka 1982.

Mbu wa magonjwa haya si yule wa malaria. Huyu huuma mchana, ana madoa meupe miguuni, na hapendi vidimbwi vichafu. Anapenda pipa lako. Maji ya mfereji yakikatika, kila nyumba huweka mapipa, ndoo na mitungi. Yasipofunikwa, mbu hutaga humo. Kwa hivyo swali la maji na swali la mbu ni swali moja. Anayehamia Mombasa, Kilifi au Malindi aulize mtaa wenyewe: mfereji hutoka siku ngapi kwa wiki? Maji ya kisima yana chumvi kiasi gani? Choo cha jirani kiko umbali gani na kisima hicho? Visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki hupeleka maji Malindi, Kilifi na hata Mombasa, na mabomba yakipata hitilafu miji yote mitatu huona kiu pamoja. Nairobi nayo haijasalimika, kwani visima vingi virefu vya huko vina floridi nyingi, ile inayoyafanya meno ya watoto kuwa ya rangi ya chai.

Nimesema mtaa, na si kwa bahati mbaya. Owino Uhuru iko ndani ya Mombasa ile ile yenye fukwe nzuri. Wakazi wake waliishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri kwa ajili ya risasi, kilichoanza kazi mwaka 2007 na kufungwa 2014, na watoto wakaonekana na risasi ndani ya damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Ukiipa Mombasa alama moja kwa mitaa yake yote, umemdanganya mtu.

Juu ya pumu nitasema machache. Wengi hushauriwa wateremke pwani wakapumue hewa ya bahari. Ni kweli kwamba moshi wa magari ni haba Malindi kuliko Nairobi, lakini unyevu wa pwani huotesha ukungu ukutani na kustawisha vijidudu vya vumbi kwenye magodoro, na hivyo pia huchokoza pumu. Mwenye pumu aje kwanza wiki tatu, alale katika nyumba atakayoipanga, ndipo aamue.

SAFARI YA SAA SABA USIKU

Zilibaki komwe saba za kaka. Hoja yake ilikuwa kwamba Nairobi kuna Hospitali ya Kenyatta na mabingwa wa kila kiungo. Sikumpinga. Kwa upasuaji mgumu au saratani, mtu husafiri, na tangu mwaka 2017 treni ya Mombasa hadi Nairobi huchukua takriban saa tano. Lakini mama hatafuti bingwa kila wiki. Kinachomtishia ni mambo mawili: kiharusi na sukari kushuka ghafla usiku. Yote mawili huhesabiwa kwa dakika.

Usiku wa pili tulifanya jaribio. Saa saba tulitoka mlangoni kama watu wenye mgonjwa, tukatafuta tuktuk, tukaenda hadi lango la hospitali ya Malindi. Dakika kumi na mbili, saba kati ya hizo zikiwa za kutafuta tuktuk. Nikamuuliza kaka, kutoka nyumbani kwake Nairobi saa kumi na moja jioni, foleni ikiwa imeshika, ni dakika ngapi? Shemeji naye akakiri kwamba Daraja la Nyali jioni halina haraka na mgonjwa wa mtu.

Jaribio hilo halina gharama, na ningependa kila anayetaka kuhama alifanye mara mbili, usiku na saa ya msongamano. Aulize pia kama hospitali hiyo hutoa huduma anayoihitaji usiku, maana tangu 2013 huduma nyingi ziko mikononi mwa kaunti na hazilingani. Ahakikishe vilevile kwamba bima yake ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inakubaliwa pale.

Kaka hakukata tamaa. Alisema joto la Malindi litaharibu insulini ya mama siku umeme ukipotea. Hilo lilikuwa swali la haki. Jawabu lake liko jikoni: chungu kikubwa cha udongo chenye mchanga na maji, ndani yake chungu kidogo kikavu, mahali penye upepo na kivuli. Chupa ya insulini hukaa ndani ya kile kidogo, bila kugusa maji. Udongo ukivuja jasho, hupoa.

Ndipo mama akafungua kiganja. Komwe nane aliziweka kwenye karatasi ya watu, mbili kwenye safari ya usiku.

"Mwezi wa tatu hamkuwapo," alisema. "Dirisha langu lilifika saa moja asubuhi halijafunguliwa. Jirani akabisha hodi, hakuitikiwa, akamwita mwanawe wakaingia. Wakanikuta natoka jasho na maneno yamenipotea. Nilikuwa bado nameza, akaninywesha maji ya sukari. Huko Nairobi mwanangu, wewe huondoka nyumbani saa ngapi?"

Kaka alisema saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sote wanne tulinyamaza. Habari ile hatukuwa tumeisikia.

Dada alihamia Kilifi Januari, kabla shule hazijafunguliwa, na chandarua kilitundikwa kabla ya kitanda kuingia. Mama hakuhama. Kaka alikubaliana na dereva mmoja wa tuktuk anayelala mtaani kwetu, kwa malipo ya kila mwezi, na akanunua kifaa kipya cha kupimia sukari. Jumapili alikwenda Mombasa kupanda treni akiwa na namba tatu mpya katika simu yake: ya jirani, ya dereva na ya kliniki ya mama. Komwe nilizirudisha kwenye bao. Moja ilikosekana, tukaikuta baadaye mfukoni mwa yule mtoto.