Kaharabu, Akiki na Ushanga: Majina na Vitu katika Nchi ya Mbulu na Hanang

Si muda mrefu uliopita, katika duka moja la vitu vya kale mjini Arusha, nilionyeshwa mkufu wa shanga kubwa za manjano, kila moja kiasi cha kokwa ya zambarau. Mkufu ulifungiwa kijikaratasi chenye maneno haya: kaharabu ya kale ya Wamang'ati. Mwenye duka, mtu mpole na mwingi wa maneno, aliniapia kwamba zilifukuliwa kaburini huko Hanang. Nilimwomba ruhusa nitie ushanga mmoja katika bilauri ya maji yaliyokolezwa chumvi hata chumvi ikakataa kuyeyuka. Ushanga ulizama papo hapo. Kaharabu ya kweli ingeelea.

Kosa la namna hii ni dogo sokoni, lakini kwetu tunaoshughulika na maneno si dogo hata kidogo. Kijikaratasi kama kile ndicho kinachonakiliwa katika daftari ya makumbusho. Toka huko huingia katika vitabu, na mwisho mwanafunzi husoma kwamba wafugaji wa Hanang walifanya biashara ya kaharabu tangu zama za kale. Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba jina la ushanga, asili ya ushanga wenyewe, na maana anayoipa mvaaji ni mambo yenye historia mbalimbali, na kwamba mtu hawezi kuipata mojawapo kwa kuikisia kutoka katika nyingine. (Neno Wamang'ati nalo tuliache hapa hapa. Limetoka katika Kimasai, na maana yake ni maadui. Wenyewe hujiita Wadatooga, na Wabarabaig ni tawi lao lililoenea zaidi katika Hanang.)

Tuanze na majina. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale sana uliogeuka kuwa kama jiwe, nao hupatikana hasa katika pwani za Bahari ya Baltiki. Jina lake tumelipokea kwa njia ya Kiarabu, lakini chimbuko lake ni Kiajemi: kah ni bua kavu, na ruba ni chenye kunyakua. Kaharabu ikisuguliwa kwa kitambaa huvuta mabua na manyoya. Waarabu walipohitaji jina la nguvu ile inayowasha taa, walilichukua neno hilo hilo, kahrabaa. Wayunani wa kale waliiita kaharabu elektron, na majina ya Kizungu ya nguvu hiyo yametoka humo. Waswahili hatukuifuata njia hiyo; sisi tuliangalia mbinguni tukasema umeme.

Ambari ni kitu kingine kabisa. Hutoka tumboni mwa nyangumi, huokotwa ufukoni, na hutumiwa kwa manukato na dawa. Waliochanganya ni watu wa Ulaya, ambao walilitwaa jina la Kiarabu la ambari wakalipachika pia juu ya kaharabu. Kwa hiyo mfasiri wa leo akikuta neno lao hilo katika kitabu cha safari, sharti ajiulize kwanza kama msafiri aliona shanga au aliona kipande cha manukato. Nimewahi kusoma tafsiri ambamo bibi harusi amevishwa ambari shingoni. Maskini, harufu yake ingewatangulia wageni mlangoni.

Cha tatu, kinachosahauliwa mara nyingi, ni sandarusi. Huu ni utomvu wa msandarusi wa Mrima, uliofukuliwa mchangani na kupelekwa Unguja, na katika karne ya 19 ulisafirishwa kwa wingi mpaka Salem katika Marekani na Hamburg katika Ujerumani ili kutengenezwa vanishi. Kwa macho, sandarusi na kaharabu ni ndugu. Nayo huelea katika maji ya chumvi, lakini ukiidondoshea spiriti kali hulainika na kunata, na kaharabu hainati. Cha nne hakina jina la Kiswahili, nacho ndicho nilichokizamisha bilaurini: ni ile namna ya plastiki iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ambayo viwanda vya Ulaya viliitumia kutengeneza shanga kubwa za manjano kwa soko la Afrika. Shanga hizo sasa zimechakaa na kupata rangi ya asali, na kuchakaa huko ndiko kunakoitwa ukale.

Ukiangalia ngeli utaona jambo jingine. Kaharabu, akiki, marijani, lulu na feruzi ni majina yaliyokuja na bidhaa, nayo hayabadiliki katika wingi. Bali ushanga umo katika ngeli ya Kibantu, ushanga na shanga, kama ukuta na kuta. Vivyo hivyo utunda, ule uzi wa shanga wa kiunoni, ambao wingi wake ni tunda. Na kitenzi chake ni kutunga, ambacho kwacho twatunga samaki, twatunga shairi, na mimba hutunga. Yaelekea basi kwamba kazi ya kutunga na kitu kinachotungwa ni vyetu tangu zamani, na vilivyoongezwa na biashara ni aina mpya tu.

Ushahidi wa ardhini unakubaliana na hayo. Katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi, katika wilaya ya Karatu ya leo ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbulu, zilipatikana shanga za ganda la yai la mbuni. Pango hilo lilichimbwa na Ludwig na Margit Kohl-Larsen katika miaka ya 1930, na shanga za namna hiyo katika Afrika ya Mashariki zina umri unaofika miaka 50,000. Hakuna Mwarabu wala Mhindi aliyezileta. Shanga za mawe nazo ni za kale kuliko merikebu yoyote ya Kambaya: katika pango la mto Njoro, nchini Kenya, Louis na Mary Leakey walichimba mwaka 1938 mahali ambapo maiti zilichomwa, kiasi cha miaka 3,000 iliyopita, wakakuta shanga nyingi za mawe magumu zilizotobolewa kwa ustadi. Wafugaji wa zama hizo walifika mpaka kwetu. Kijiji chao kilichoko Luxmanda, juu ya uwanda wa Mbulu, kina umri wa karibu miaka hiyo hiyo.

Hapa pana mtego kwa wanaisimu, nami sijioni kuwa nje yake. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na wako wataalamu, kama Christopher Ehret na Stanley Ambrose, waliowahusisha wafugaji wale wa kale na wasemaji wa Kikushi cha Kusini. Mambo hayo yana uzito wake. Lakini mtu akiuona ushanga wa jiwe katika Mbulu akasema 'huu ni wa Kikushi', ameuvika ushanga ulimi. Ushanga huuzwa, hurithiwa, hutekwa vitani na huokotwa kondeni baada ya mvua. Katika nchi hii Wairaqw, Wadatooga, Wahadza na Warangi wamekaa jirani kwa muda mrefu, na lugha zao hazina asili moja. Shanga zao zimepita mkono kwa mkono bila kuuliza nani asema nini.

Akiki yenyewe yaweza kudanganya. Iliyo nyingi katika pwani yetu ilitoka Gujarat, katika machimbo ya Ratanpur, ikakaangwa motoni ili wekundu wake ukolee, kisha ikauzwa Kambaya. Lakini katika karne ya 19 mafundi wa Idar-Oberstein, Ujerumani, walichukua mawe ya Brazili, wakayatia rangi na kuyachonga kwa kuiga zile za Kihindi, wakayauza Afrika. Mawe mawili yanayofanana katika uzi mmoja yaweza kuwa na asili mbili zilizo mbali kama Brazili na Gujarat.

Habari ya shanga za kioo nitaipita upesi, maana imeandikwa sana. Richard Burton, aliyesafiri bara kati ya 1857 na 1859, aliziorodhesha kwa majina ya wafanyabiashara wa Unguja, na moja ya majina ya samesame nyekundu lilikuwa na maana ya chenye kuvunja mji, kwa jinsi wake walivyowafilisi waume kwa ajili yake. Nchi ya Mbulu haikuwa katika njia kuu ya misafara, na bidhaa nyingi ziliifikia kwa kupitia Kondoa Irangi. Mkusanyaji akiona ushanga mwekundu atazame tunduni: ukiwa na kiini cheupe, yaelekea ni wa karne ya 19 au baadaye.

Basi maana yake iko wapi? Nionavyo mimi, haimo katika jiwe. Wasichana wa Kiiraqw walipokuwa wamewekwa ndani katika unyago wa marmo, uliokoma enzi ya Waingereza, walishona sketi za ngozi na kuzipamba kwa shanga za kioo zilizotoka dukani kama chumvi au shoka. Lakini sketi ile haikuwa bidhaa tena. Kwa Wabarabaig, hanang'weenda, sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa, ni kitu cha heshima kuu. Yasimuliwa kwamba wanawake walipewa na Udameselgwa, roho wa kike, nayo inahusiana na uzazi.

Nje kidogo ya Katesh niliruhusiwa kuiona sketi moja ya namna hiyo. Mjukuu alikuwa mkalimani wetu. Alinieleza kwamba mnunuzi mmoja amekuja mara mbili, naye hataki ngozi, ataka shanga tu, zikatwe na kupimwa kwa kikombe.

"Shikamoo, bibi," nilisema, "naomba unionyeshe zilizo za zamani kuliko zote."

Nilitazamia aniguse zile kubwa. Hakuzigusa. Aliweka kidole juu ya mstari wa shanga ndogo nyeupe, za kioo cha kawaida kabisa, karibu na pindo.

"Bibi asema hizi zilitoka katika sketi ya mama yake," mjukuu alifasiri. "Hizo kubwa alizinunua mwenyewe dukani, mwaka alipoolewa."

Niliomba ruhusa ya kuinakili mistari yote, rangi kwa rangi, kwa mpangilio wake, pamoja na jina la aliyetoa kila mstari. Alikubali kwa sharti kwamba nisiigeuze ngozi juu chini. Kazi hiyo ilituchukua mpaka ng'ombe wakarudi.