Nyumba ya wageni Yanonge: unanunua nini hasa?

Yanonge iko ukingo wa kushoto wa mto Kongo, kilomita 60 hivi kutoka Kisangani kwa barabara ya Opala. Kwanza kabisa ni soko na bandari: mchele, mihogo, ndizi, mawese na makala hutoka vijijini, hukusanyika pale, kisha hupanda mjini. Mto ni mpana, msitu uko karibu, na dola zinazokupa kiwanja kidogo Makiso, mjini Kisangani, zitakupa kikubwa huko. Wazo la kununua nyumba ya ukingoni, kuitengeneza vyumba na kuikodisha kwa wageni linavutia, nami silikatai. Ila anayetaka kufanya hivyo ajiulize kwanza: nikishatoa fedha zangu, nitakuwa nimenunua nini?

Ardhi hutainunua. Sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980, inasema katika kifungu cha 53 kwamba ardhi ni mali ya Serikali peke yake, na haiuzwi. Mtu hupewa konsesyo, yaani haki ya kuitumia. Mkongomani mtu binafsi anaweza kupata konsesyo ya kudumu. Kampuni au raia wa kigeni hupata ya kawaida, isiyozidi miaka 25, ingawa inaweza kuongezwa. Haki hiyo huthibitishwa na hati moja tu, sertifika ya usajili inayotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Miaka miwili ikishapita tangu itolewe, kifungu cha 227 kinaikinga isishambuliwe.

Sasa tazama kinachouzwa vijijini: mara nyingi ni karatasi iliyotiwa sahihi na mkuu wa mtaa au wa ukoo, pamoja na mashahidi wawili watatu. Karatasi hiyo si upuuzi. Inaonyesha kwamba wenyeji wamekukubali, na bila wao hutalala usingizi. Lakini si sertifika. Sheria yenyewe ndiyo iliyoleta mkanganyiko huu: kifungu cha 387 kiliziingiza ardhi za jamii katika mali ya Serikali, na cha 389 kikaahidi amri ya Rais itakayopanga haki za wenyeji. Amri hiyo haikutolewa kwa miongo mingi. Katikati ya ahadi na utekelezaji ndipo kesi nyingi za viwanja huzaliwa.

Kwa hiyo njia salama hupita kwa wote wawili, ukoo na Serikali. Ukoo ulipwe hadharani, wazee na vijana wakiwepo, mipaka ikitembelewa kwa miguu. Halafu uchunguzi wa ardhi ya vijijini ufanywe kama sheria inavyodai, mpimaji aje, hati itolewe. Muuzaji akisema nyumba ni ya marehemu baba yake, omba kuona warithi wote. Kwa Kanuni ya Familia ya 1987 watoto wote wa marehemu ni warithi, waliozaliwa nje ya ndoa wakiwemo ikiwa alikwisha kuwatambua, na kaka mkubwa hana mamlaka ya kuuza peke yake. Nyumba nyingi zimerudi mahakamani kwa sababu ya dada aliyeolewa mbali ambaye hakuna aliyemuuliza.

Hati ikiwa safi, bado kuna swali la wageni, na hapa ndipo ninapoona watu wakijidanganya zaidi. Watalii wa kulala wiki nzima wakitazama machweo ni wachache mno. Wanaoweza kulipa chumba Yanonge ni wafanyabiashara wa mazao, wafanyakazi wa miradi na wa serikali walio njiani, na watoto wa pale wanaorudi kwa msiba au harusi. Watafiti wa misitu wapo, lakini kituo chao ni Yangambi, ng'ambo ya mto na chini zaidi, penye taasisi ya utafiti wa kilimo ya INERA, hifadhi iliyotambuliwa na UNESCO tangu miaka ya 1970, na mnara wa CongoFlux wa mita 55 unaopima hewa ya kaboni juu ya msitu. Wengi wao hulala hukohuko.

Tufanye hesabu ya kubuni. Nyumba yenye vyumba sita, dola 15 kwa usiku, imegharimu dola 60,000 pamoja na matengenezo. Kwa mwaka kuna usiku 2,190 wa kuuza. Ukiuza robo yake unapata kama dola 8,200. Toa mlinzi, msimamizi, mpishi, mafuta ya jenereta, betri za sola, paa, kodi: tuseme 5,500. Zinabaki 2,700, yaani asilimia 4.5 ya fedha uliyoweka. Ukiuza asilimia 15 tu ya usiku huo, mapato yanashuka hadi 4,900, na mlinzi hapunguziwi mshahara kwa sababu vyumba ni vitupu. Unaanza kulipia nyumba kutoka mfukoni. Ukisikia ahadi ya faida ya asilimia 20, mwambie mwenye ahadi akuonyeshe daftari la wageni.

Hatari nyingine haitegemei Yanonge. Mei 2018 hifadhi ya taifa ya Virunga, mashariki mwa nchi, ilifunga utalii baada ya mlinzi wa hifadhi kuuawa na watalii wawili Waingereza kutekwa. Ilifungua Februari 2019, ikafunga tena Machi 2020 kwa sababu ya korona. Nyumba za wageni za huko zilikuwa nzuri, zikakaa tupu.

Usisahau mto wenyewe. Upande wa Kisangani maji hupanda hasa Novemba na Desemba, na mwishoni mwa 2023 hadi Januari 2024 mto Kongo ulifurika vibaya, Kinshasa ukikaribia rekodi ya 1961. Ukingo unaopendeza Julai unaweza kumomonyoka Desemba. Waulize wavuvi wa kabila la Walokele maji yalifika wapi mwaka ule, nao watakuonyesha mti.

Ushauri wangu: panga nyumba hiyo mwaka mmoja kabla ya kuinunua. Mlipe mwenyewe kodi ya kila mwezi, mwandikiane mkataba, weka vitanda vitatu, na umwajiri msimamizi wa palepale. Aandike kila usiku nani kalala, kalipa ngapi, katoka wapi, kaja kufanya nini. Miezi ya mvua na miezi ya ukame yote iingie humo, pamoja na majuma ambayo barabara ya Opala haipitiki. Kisha lichukue daftari hilo uende nalo kujadili bei na mwenye nyumba.