Tumbo la Ghafla (3): Msokoto Unaotoka Machimboni

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza kidole tumbo na utumbo unaotobolewa na homa ya matumbo, maradhi yanayotaka upasuaji bila kuchelewa. Leo tumtazame mgonjwa mwingine: kijana anajikunja kwa msokoto mkali kuzunguka kitovu, siku kadhaa hajapata choo, homa hana, na daktari akimbonyeza tumbo analikuta laini. Huyu aulizwe anafanya kazi gani kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji.

Mpanda tuna sababu yetu ya kuuliza. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa hapa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na katika miamba ya huku risasi na dhahabu hukaa pamoja. Anayesaga mawe makavu kwenye karasha huvuta vumbi lenye risasi, kisha hulibeba kwenye nguo hadi nyumbani, wanakotambaa watoto. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mawe ya dhahabu yenye risasi yalisagwa majumbani. Watoto zaidi ya 400 walikufa, na degedege lao halikutulia kwa dawa za malaria. Nikiwaza watoto wa wachimbaji wetu wadogo, siwezi kuliona jambo hili kuwa la mbali.

Risasi ikiingia mwilini ndiyo inayoweza kuleta msokoto huo wa tumbo na kufunga choo. Pia huvuruga utengenezaji wa damu, ndiyo maana mgonjwa hupauka. Baadhi huwa na mstari wa buluu kwenye ukingo wa ufizi. Hadubini nayo yaweza kuonyesha vidoadoa ndani ya chembe nyekundu. Dalili hizo zisipoonekana, bado hajasalimika: kinachothibitisha ni kupima risasi yenyewe katika damu, hata kama sampuli itabidi isafirishwe mbali.

Tiba huanza kwa kumtoa mgonjwa kwenye vumbi. Zipo dawa zinazonasa risasi na kuitoa kwa mkojo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unazipendekeza kwa mtoto wa miaka 10 au chini ya hapo mwenye mikrogramu 45 au zaidi katika desilita ya damu. Akirudi kwenye nyumba yenye vumbi lilelile, dawa imepotea bure.

Lakini tumbo likikakamaa, mgonjwa awe mchimbaji au mkulima, aonwe na daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.