Kifaa Kinachong'arisha Gitaa kwa Kupunguza Besi

Gitaa la umeme likimezwa na ngoma na besi, wengi hukimbilia kitufe cha trebo kwenye amplifaya. Katikati ya miaka ya 1960, kampuni ya Dallas ya London iliuza dawa nyingine: Rangemaster, kisanduku cha chuma kilichowekwa juu ya amplifaya, chenye betri ya volti 9, kitufe kimoja cha kuongeza nguvu na transista moja tu. Kwa maoni yangu, ni vigumu kupata saketi ndogo kama hiyo iliyoacha alama kubwa kiasi hicho katika muziki wa roki.

Uzi mnene kabisa wa gitaa hutetemeka takriban mara 82 kwa sekunde. Papo hapo hutoa pia mitetemo ya 165, 247, 330 na kuendelea juu. Hiyo ya juu ndiyo inayoipa noti ukali wake, na sikio la binadamu husikia vizuri zaidi mitetemo ya kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde.

Mlangoni mwa Rangemaster kuna kapasita ndogo ya nanofaradi 5. Kapasita huuzuia umeme unaobadilika polepole na kuupitisha unaobadilika haraka. Kadiri ilivyo ndogo, ndivyo besi inavyozidi kubaki nje. Kinachopita hukuzwa na transista ya jerimaniamu, mara nyingi OC44, kisha hupelekwa kwenye amplifaya kikiwa na nguvu nyingi.

Hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Amplifaya ya vali ikisukumwa kupita uwezo wake hukata vilele vya mawimbi, na sauti huanza kukwaruza. Besi nzito ikikatwa pamoja na noti nyingine, huzaliwa mitetemo mipya isiyohusiana na noti zinazopigwa, na sauti inakuwa kama uji. Ukipunguza besi baada ya hapo umechelewa, kwa kuwa mchanganyiko umeshafanyika. Rangemaster huipunguza kabla. Ndiyo maana kitufe cha trebo kinachofanya kazi baada ya mkwaruzo hakiwezi kuchukua nafasi yake.

Mpiga gitaa Rory Gallagher wa Ireland aliitumia Rangemaster pamoja na amplifaya ya Vox AC30. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa na Rangemaster iliyofanyiwa marekebisho; yaani sauti nzito kuliko zote za zama zake ilipitia kifaa cha kuondoa besi! Brian May wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, amejenga sauti yake juu ya vifaa vya aina hii na AC30, kwa gitaa alilolitengeneza na baba yake.

Jerimaniamu ina udhaifu wake: joto likipanda, umeme huvuja ndani ya transista na sauti hubadilika. Transista ya silikoni hutulia zaidi, ingawa wapo wapigaji wasioikubali.

Ukipata kifaa cha namna hii, kiwe cha kwanza baada ya gitaa, na amplifaya iwe tayari karibu na kukwaruza. Ukikiunganisha na amplifaya iliyo safi kabisa, utapata sauti nyembamba inayochoma masikio. Kisha punguza sauti kwenye gitaa lenyewe, na mkwaruzo utatulia bila kukigusa kifaa.